Kiwanja kinachoshukia ziwani: mtaro wa mawe, mtaro wa kokoto, matuta au bustani ya mvua?

Kabla hujamwita fundi, subiri mvua kubwa ya kwanza, vaa mabuti, zunguka uwanja wa nyuma ukiwa na vijiti mkononi. Chomeka kijiti kila mahali maji yanapoingilia kutoka kwa jirani wa juu, kila yanapotuama, na kila yanapotokea kuelekea ziwani. Nusu saa hiyo ina faida kuliko mchoro wowote. Mimi sikuifanya. Kazi niliitoa wakati wa kiangazi, kwenye kiwanja cha mteremko kando ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza, tukachimba mtaro mahali palipopendeza macho. Masika yalipofika, maji yalipita mita nne pembeni ya mtaro wetu na kuondoka na ukoka wote tuliokuwa tumeupanda.

Tangu hapo nimeona njia nne zikitumika katika viwanja vya namna hii, na kila moja nimeiona ikifaulu mahali fulani na kushindwa pengine. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya aliyekwama kati yake.

Maji yanayoshuka na maji yanayopanda

Anayekaa kando ya ziwa hili ana maji ya aina mbili, na wengi huyachanganya. Ya kwanza yanashuka: mvua ya paa, ya njia ya gari, ya mlima wa mawe ulio nyuma ya nyumba. Ya pili yanapanda, nayo ni ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria, takribani asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, Uganda. Ndiyo maana miaka ya mvua nyingi ziwa hupanda, kisha hukawia kushuka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mei 2020 liliivuka kidogo alama ya 1964, na Mei 2024 likaenda juu zaidi. Mialo, mashamba na bustani za ufukweni zikalala majini.

Hakuna mtaro unaoondoa maji ya ziwa. Njia zote nne ni za maji yanayoshuka tu. Kwa yanayopanda, dawa ni kukaa mbali nayo: tafuta alama ya 2024 kwenye mawe na vigogo, waulize wavuvi wa hapo, na chini ya alama hiyo usijenge ukuta, usitandike pevingi, usiweke banda la kupumzikia. Sheria nayo inasema hivyo hivyo. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kenya ukanda huo ni kati ya mita 6 na 30, na Uganda, kwa Ziwa Victoria, ni mita 200. Kwa hiyo yote nitakayoyaeleza ni ya sehemu iliyo nje ya ukanda huo, upande wa juu. Ukandani waachie mafunjo na matete wafanye kazi yao ya kuvunja mawimbi na kuchuja udongo, na kabla ya kugusa chochote pale nenda kwanza ofisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira au bodi ya maji ya bonde.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza ni kiasi cha maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likinyeshewa milimita 40 mchana mmoja linamwaga lita 6,000. Tangi lako la lita 5,000, hata kama lilikuwa tupu, limejaa na linafurika. Hapo bado hatujahesabu maji ya uwanja na ya jirani.

Cha pili ni udongo, na hapa usikisie. Miteremko ya juu karibu na mawe mara nyingi ina kichanga ambacho Wasukuma hukiita luseni, na kinakunywa maji vizuri. Chini kwenye tambarare kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 40. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha pima kwa rula yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka 2 au 3, udongo wako ni mnywaji. Yakishuka chini ya 1, ondoa baadhi ya njia kwenye orodha yako sasa hivi. Na kama shimo linajaa maji lenyewe kutoka chini, umefika kwenye maji ya ardhini. Hapo hakuna cha kunyonywa.

Vilivyobaki vinajieleza: fedha na mikono, matunzo, mbu na konokono wa kichocho pamoja na kile kinachofika ziwani, na sura ya bustani. Lakini juu ya vyote kuna swali ambalo fundi wengi hawalijibu: maji yatatokea wapi? Mahali pa kutokea pakiwa chini ya alama ya ziwa la 2024, siku ziwa likipanda maji yatarudi ndani ya mtaro na tope lake.

1. Mtaro wa wazi uliopangwa mawe

*Kazi yake.* Unakinga maji yanayokuja kwa kasi kutoka juu na kuyapitisha pembeni mwa nyumba. Kati ya njia hizi nne, huu pekee ndio unaoweza kubeba mvua ya ghafla yenye tope, majani na chupa za plastiki bila kuziba. Hatari yake ni mwendo. Kwenye mteremko mkali maji hupata nguvu na kuchimba mwisho wa mtaro mpaka korongo linatokea. Kwa hiyo weka vikinga vya mawe ndani yake, ukipanga nafasi zake hivi: kichwa cha kikinga cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kikinga cha juu. Mwishoni chimba shimo la kunasa udongo, na baada yake tandika mawe makubwa ili maji yatawanyike.

*Fedha na mikono.* Mwanza mawe hayatafutwi mbali, na kokoto zinapondwa kwa mkono kwenye vilima vyetu. Gharama kubwa ni usafiri na fundi wa kupanga.

*Matunzo.* Unaona tatizo kwa macho, unalifagia. Shimo la udongo lizolewe kila baada ya mvua kubwa chache, na udongo huo urudi bustanini.

*Mbu, konokono na ziwa.* Ukiwa na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unakauka. Ukibonyea katikati unakuwa kitalu cha mbu. Kwa ziwa, hii ndiyo njia yenye madhara makubwa iwapo shimo la kunasa udongo halipo, maana inapeleka udongo na mbolea moja kwa moja majini, na gugumaji linanenepa.

*Sura.* Ukipangwa kama mto mkavu, mawe ya mviringo katikati na mchaichai kingoni, unapendeza hata kiangazi.

*Unamfaa* aliye chini ya majirani wengi, na mwenye barabara inayomwaga maji kiwanjani.

2. Mtaro wa kokoto uliofukiwa

*Kazi yake.* Huu hauzuii mafuriko. Unaondoa unyevu ulio ndani ya ardhi. Unachimbwa upana sentimita 30 na kina 60, unatandikwa kitambaa cha kuchuja, zinamwagwa kokoto safi, linalazwa bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini, zinaongezwa kokoto, kitambaa kinafunikwa juu, kisha udongo kidogo na nyasi. Mteremko ni ule ule, sentimita 1 kwa mita.

*Fedha na mikono.* Ghali kuliko unavyoonekana, kwa kuwa bomba na kitambaa ni vya kununua. Wengi hubana hapo: wanaweka mifuko ya saruji badala ya kitambaa, au kokoto zenye vumbi. Misimu miwili baadaye mtaro umejaa tope na hakuna anayeweza kuuona.

*Matunzo.* Karibu hakuna, mpaka siku unapoziba. Hapo unachimbua upya. Weka kisanduku chenye mfuniko kila kona ili uweze kupitisha maji ya kuusafisha.

*Mbu, konokono na ziwa.* Hauna maji ya wazi, na maji yake yanatoka yakiwa yamechujwa udongo.

*Sura.* Hauonekani. Ukipenda, acha kokoto juu ziwe njia ya kutembea.

*Unamfaa* mwenye ukuta unaopanda unyevu au ukoka unaobaki kama sponji wiki nzima baada ya mvua. Kwenye udongo wa mbuga hautafanya maajabu, kwa kuwa maji yenyewe hutembea polepole kuufikia.

3. Matuta ya mawe

*Kazi yake.* Badala ya kuyapitisha maji, unauvunja mteremko uwe ngazi. Maji yanapunguza mwendo kila ngazi, sehemu yanazama, na udongo unabaki ulipo. Si jambo geni ziwani kwetu. Kwenye kisiwa cha Ukara, Wakara wamelima miteremko ya mawe kwa matuta na samadi tangu zamani, kwenye ardhi ndogo yenye watu wengi. Anayetaka kujifunza bustani ya mteremko apande boti akaone kwa macho.

Ukuta wa mawe makavu, bila saruji, una siri zake. Mstari wa kwanza wa mawe uzikwe ardhini. Ukuta ulalie mlimani, sentimita 1 kwa kila sentimita 6 za kwenda juu. Nyuma yake ziwekwe kokoto upana wa sentimita 30, kwa sababu kinachoangusha kuta ni maji yaliyokosa pa kutokea nyuma yake. Udongo mkavu peke yake hauna nguvu hiyo. Ukitumia saruji, acha matundu ya kutolea maji kila mita moja au mbili. Na mstari wa tuta ufuate usawa wa ardhi: piga levo kwa mpira mrefu wa maji, usiamini jicho. Sakafu ya tuta iwe na mteremko kidogo wa kwenda pembeni, kwenye mtaro. Ukuta ukizidi mita 1 kwenda juu, mtafute mhandisi. Hapo sitanii, chini yake watoto watacheza.

Ukingoni mwa kila tuta panda nyasi ya vetiva. Mizizi yake inashuka wima, hata mita 3, na aina inayopandwa bustanini haisambai kwa mbegu. Mahali pasipo na mawe, mistari ya vetiva pekee inaweza kujenga tuta polepole, msimu baada ya msimu.

*Fedha na mikono.* Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote. Ukuta wa mita 10, kimo sentimita 80, unene sentimita 45, unameza mita za ujazo 3.6 za mawe, na hapo hujaweka msingi wala kokoto za nyuma. Unaweza kujenga tuta moja kila mwaka, ukianzia la juu ili maji yasishambulie ulichojenga chini.

*Matunzo.* Kila masika yakiisha, tembea ukitazama ukuta uliofura tumbo. Jiwe moja likitoka, lirudishe mapema.

*Mbu, konokono na ziwa.* Maji hayatuami, na ziwa linapata maji machache tena masafi. Lakini mawe makavu ni makazi ya mijusi, na pengine nyoka. Penye watoto wadogo, jaza mianya kwa saruji upande wa mbele, ukiacha matundu.

*Sura.* Kwangu hakuna inayoshinda hii: mboga tuta la juu karibu na jiko, maua la kati, benchi la chini ukitazama mitumbwi ikirudi. Hilo ni pendo langu, si hukumu.

*Yanamfaa* mwenye mteremko unaomfanya mtu ashike kitu akishuka, na mwenye subira.

4. Bustani ya mvua

*Kazi yake.* Ni beseni la ardhi, kina sentimita 15 hadi 20, sakafu tambarare, linalopokea maji ya paa au yanayofurika kutoka kwenye tangi, likayanyonya ndani ya siku moja, au mbili kwa wingi. Ukubwa wake uwe kati ya asilimia 10 na 20 ya eneo linalolimwagia. Rudi kwenye lile paa la mita za mraba 150: beseni la mita za mraba 30 lenye kina cha sentimita 20 linashika lita 6,000, mvua yote ile ya mchana. Liwe angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, mbali na karo la choo na shimo lake, na liwe na mdomo wa mawe wa kutolea ziada.

*Fedha na mikono.* Jembe, koleo, toroli na siku mbili tatu. Miche mingine utaomba kwa majirani: magimbi kwa sakafu yenye unyevu, maua ya kana kwa rangi, mchaichai na vetiva kwa kingo zinazokauka. Gugumaji usilete hata kwa urembo.

*Matunzo.* Ni bustani, kwa hiyo inataka palizi. Udongo unaojikusanya mdomoni uondolewe, la sivyo beseni linafukiwa taratibu.

*Mbu, konokono na ziwa.* Mbu anahitaji wiki moja na zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo beseni linalokauka kwa siku mbili halimpi nafasi. Linalokaa na maji siku kumi ni jambo jingine. Kama shimo lako la majaribio lilishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, usichimbe. Kwa ziwa, hakuna njia iliyo bora kuliko hii, maana maji, mbolea na udongo vyote vinabaki kwako.

*Sura.* Masika ni kijani tupu. Kiangazi inaweza kuchakaa.

*Inamfaa* mwenye kichanga, paa kubwa na mfuko mdogo. Haimfai anayepokea maji ya mtaa mzima; yatalifagia beseni na vilivyomo.

Vya kupendezesha, kwa kifupi

Njia za bustani ziwe za kokoto au mawe yenye mianya, kwa kuwa pevingi iliyobanana inaongeza maji badala ya kuyapunguza. Bwawa la urembo litie samaki jamii ya perege ili wale viluwiluwi wa mbu. Bila samaki, liache. Taa ziwe chache, za chini na za manjano, maana wadudu wa ziwani hujaa kwenye mwanga mweupe kama wingu. Na ukoka wa ukanda wa chini usiutie mbolea ya dukani.

Kwa hali yako

Maji yanakujia kutoka juu kwa kishindo: anza na mtaro wa wazi juu ya kila kitu kingine, ndipo ufikirie bustani. Hakuna tuta wala beseni litakalodumu bila ulinzi huo.

Mteremko ni mkali na hakuna maji ya majirani: matuta, hata kama ni moja kwa mwaka, huku vetiva ikishikilia sehemu ambayo hujaifikia. Nyumba ikiwa chini ya mteremko huo na ukuta wake unalia maji, ongeza mtaro wa kokoto nyuma yake, ukitokea pembeni juu ya alama ya ziwa.

Kiwanja ni karibu tambarare na kichanga: bustani ya mvua itakutosha. Kikiwa tambarare na mbuga, inua vitanda vya maua kwa udongo wa kuletwa, na mtaro wa wazi wenye mteremko mdogo upite katikati yake. Usifukie kokoto humo ukitarajia miujiza.

Umepanga, au umiliki haujakaa sawa: vetiva na beseni dogo. Hutalia ukihama.

Una watoto wanaopenda maji: usiwafyekee matete kuwatengenezea ufukwe. Konokono wa kichocho hupenda maji ya kingoni yaliyotulia, na uwanja mzuri juu ya matuta utawapunguzia safari za kushuka huko.

Na kama kijiti chako cha kwanza kilichomekwa kwenye mpaka wa jirani wa juu, mfuate kabla ya kununua hata jiwe moja. Mtaro mmoja wa pamoja kwenye mpaka unawagharimu nyote wawili kidogo kuliko miwili inayopigana, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yakitaja ni nani atazoa udongo na lini.